Kabla hujamnyang'anya, mwambie akuonyeshe

Wiki hii naomba nianze kwa kukiri kosa. Si kosa la serikali, si la halmashauri, wala si la walimu, ambao tumezoea kuwatupia kila lawama katika mazungumzo ya namna hii. Ni kosa langu mwenyewe, na nililifanya kifua mbele, mbele ya watu, nikiamini kwamba namlea mtoto. Nalieleza leo kwa sababu nina hakika wako wengi wanaonisikiliza saa hizi ambao wamelifanya kosa hilohilo, na wengine watalifanya kabla likizo za watoto hazijakwisha.

Mwezi Desemba mwaka 2011 nilikwenda nyumbani Same. Kwa msikilizaji asiyeifahamu, Same ni mji ulioko chini, kwenye joto na vumbi, kando ya barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha. Ukishuka kwenye basi unapokelewa na upepo mkavu na wauza vitunguu. Lakini ukiinua macho utaiona milima ya Upare imesimama juu yako, ya kijani, imejifunika ukungu. Na kule kusini kabisa kuna kilele cha Shengena, chenye urefu wa zaidi ya meta 2,400. Mvua hubaki kule juu. Sisi wa chini hutazama mawingu, tukasubiri yanayoteremka.

Dada yangu anakaa hapo mjini. Mama yetu mzazi alikuwa akikaa juu, Mbaga, ambako gari huondoka Same, likapita Mwembe, likaanza kupanda taratibu hadi abiria wanaanza kutafuta makoti. Huko mama alikuwa na kihamba chake, migomba, kahawa kidogo, na tangawizi, zao ambalo leo ndilo linalosomesha watoto wengi wa upande ule wa milima.

Basi, nilipofika kwa dada, kabla hata sijanawa mikono, nikapokelewa na mashtaka.

"Kaka, afadhali umekuja. Huyu mpwa wako amenishinda."

Kosa la mpwa wangu lilikuwa ni gemu. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa akiishi Uingereza alikuwa amepita nyumbani, akamwachia kijana kimashine cha gemu cha mkononi, kile kinachofunguka na kufungika kama kitabu, aina ya Nintendo DS. Kilikuwa kimekwisha kutumika, bawaba yake imelegea, rangi imechubuka pembeni. Dada alisema tangu kiingie nyumbani, mtoto hana habari na mtu. Asubuhi gemu, jioni gemu. Akipelekwa kwa bibi yake Mbaga kusaidia kazi za shamba, anakwenda na gemu. Na mwezi wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha pili, mwaka wenye mtihani wa taifa.

Nikamwita. Akaja amekishika mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hicho ni kitu gani?"

"Ni gemu, mjomba, lakini..."

"Lakini haipo," nikamkata. "Lete hapa."

Akaniletea. Nikampa hotuba ndefu. Nilimweleza jinsi sisi tulivyosoma kwa koroboi, jinsi bibi yake alivyobeba tangawizi kichwani ili mimi nivae sare, na jinsi dunia isivyomngoja mtu anayecheza. Dada akaitikia kila sentensi. Majirani waliokuwa ukumbini wakasema hakika kaka mtu amenena. Kijana alisimama kimya, anatazama chini. Nikakitia kile kimashine kwenye mkoba wangu pamoja na chaja yake, nikamwambia atakipata siku atakayoleta matokeo mazuri. Nikarudi Dar es Salaam nikiwa nimeridhika sana na nafsi yangu.

Mwezi Machi mwaka 2012 mama yetu alifariki.

Msikilizaji, nisingependa kuingiza msiba wa nyumbani kwangu katika sebule yako. Lakini kuna mambo mawili ya msiba ule ambayo bila kuyasema mazungumzo haya hayana maana. La kwanza ni hili: ilipotakiwa picha ya marehemu ya kuweka juu ya jeneza, tuligundua hatuna. Mama alizaa watoto, akalea wajukuu, akaishi miaka mingi, na picha pekee iliyopatikana ni ile ya kwenye kadi yake ya mpiga kura. Tukaikuza dukani pale Same. Ilitoka ya kijivu, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekamatwa. Watu walipita, wakaitazama, wakainamisha vichwa. Mtu aliyemfahamu mama angeweza kuapa kwamba yule si yeye.

Jambo la pili ni kwamba siku ile ya mazishi, kule Mbaga, mpwa wangu alinifuata mara mbili. Mara ya kwanza aliniita, nikamwambia ningoje. Mara ya pili alinikuta nyuma ya nyumba, akasema, "Mjomba, ile gemu yangu umekuja nayo?" Nilimgeukia kwa hasira. Nikamwambia, "Bibi yako bado hajafunikwa udongo, wewe unauliza habari za gemu?" Akaondoka. Hakuuliza tena.

Ilipofika mwezi Mei, binti yangu mdogo alikikuta kile kimashine kwenye kabati langu, akakichaji, akakiwasha. Mimi nilikuwa nasoma gazeti. Nikasikia ananiita: "Baba, hii haina gemu hata moja. Ni ya kuchorea."

Nikamwambia haiwezekani. Akaniletea. Na kweli, ndani ya memori kadi iliyokuwa mle hapakuwa na vita, wala magari, wala mpira. Palikuwa na programu moja ya kuchora na kupaka rangi, na orodha ya picha. Tukaanza kuzifungua moja moja. Stendi ya Same jioni, basi limewasha taa. Ng'ombe wa jirani. Milima, tena milima, tena milima, wakati wa asubuhi, wakati wa mvua, wakati jua linapozama na mbuga ya Mkomazi imegeuka rangi ya shaba. Picha kama arobaini hivi. Na katika hizo, mmoja alikuwa mama.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake, anasafisha tangawizi. Khanga imefungwa kifuani jinsi alivyoifunga yeye, upande mmoja juu kidogo. Uso ule ulikuwa uso wake.

Kisha binti yangu akabonyeza mahali fulani, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitegemea. Picha ilifutika yote, kioo kikawa cheupe, halafu ikaanza kujichora upya yenyewe, mstari baada ya mstari, kwa mpangilio uleule kijana alioutumia. Programu ile ilikuwa imeweka kumbukumbu ya kila mguso wa mkono wake. Nikaona kwanza ukuta mweusi wa moshi. Nikaona mwanga wa mlango. Halafu mikono. Mikono ile aliichora, akaifuta kwa rangi, akaichora tena, akaifuta, akaichora mara ya tatu, mpaka vidole vya bibi na vidole vya tangawizi vikawa vinafanana, kama vilivyokuwa vinafanana kweli. Uso ulikuja mwishoni. Na mguso wa mwisho kabisa ulikuwa doti moja nyeupe, ndani ya jicho.

Hicho ndicho alichokuwa akikitaka mtoto yule siku ya mazishi. Alitaka kutupa picha ya bibi yake. Mimi nilikuwa nimeifungia kabatini.

Ndugu msikilizaji, baada ya hapo nilianza kuuliza na kusoma, kama mtu anayechunguza nyumba baada ya moto. Kimashine kile kilitoka kiwandani kwa ajili ya michezo, hilo ni kweli. Kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Kwa hiyo wazazi wanaoitilia shaka wana sababu ya kihistoria! Aina hii ya DS ilitoka mwaka 2004, na hatimaye ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ina vioo viwili, na kile cha chini kinaguswa kwa kikalamu cha plastiki. Kioo chenyewe ni kidogo, inchi 3 tu, chenye vidoti 256 kwa 192. Ukipiga hesabu havifiki 50,000. Simu ya kawaida ya leo ina vidoti mara nyingi zaidi ya hapo.

Mwaka 2007 mtengenezaji wa michezo mmoja raia wa Sweden, Jens Andersson, alikitazama kioo kile akaona kitu ambacho wenye kiwanda hawakukiuza: turubai la mchoraji linaloingia mfukoni. Akaandika programu ya kupaka rangi, akaiita Colors!, akaitoa bure. Haikuwa ikiuzwa madukani na kampuni. Watu waliipakua na kuitia wenyewe kwenye kadi. Ilikuwa rahisi. Unachagua rangi, unachagua unene wa brashi, unaivuta picha karibu upate kuchora kope, unairudisha mbali uone sura nzima. Ukibana kikalamu kwa nguvu rangi inakolea; ukigusa polepole inakuwa nyepesi kama chai ya maziwa. Na kila mguso unahifadhiwa, ndiyo maana picha inaweza kujirudia mbele ya macho yako tangu mstari wa kwanza.

Hebu fikiri hilo lina maana gani kwa mtoto anayejifunza. Mtoto wa Dar es Salaam, na zaidi mtoto wa Mbaga, akitaka kujifunza kupaka rangi ataanzia wapi? Rangi za mafuta ni ghali na hazipatikani. Brashi nzuri ni ya kuagiza. Karatasi ikiharibika imeharibika. Shule nyingi hazina mwalimu wa sanaa, na pale ambapo yupo, hana hata chaki ya rangi. Lakini ndani ya kile kimashine chakavu rangi haziishi, karatasi haziishi, na mtu anaweza kuuchora mkono mara tatu bila kuhesabiwa gharama. Kinachohitajika ni umeme wa kuchaji, na kivuli, maana kioo kile juani hakionekani. Ndiyo maana, nikakumbuka, dada alilalamika kwamba mtoto anajificha pembeni. Hakuwa anajificha. Alikuwa anatafuta kivuli.

Tena kuchora kwa chombo ambacho hakikutengenezwa kwa uchoraji si jambo geni kwetu. Nani asiyeijua Tingatinga? Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge kule Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakungoja turubai la Ulaya. Alichukua mbao za kujengea, akanunua rangi ya kung'aa iliyokuwa ikitumika kupaka baiskeli, akachora chui na ndege. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake leo ni jina la uchoraji wa nchi nzima, na watalii wanaupanga foleni. Mtu angeweza kumwambia siku ile: rangi hiyo ni ya baiskeli, acha mchezo. Na huko Uingereza, David Hockney, mmoja wa wachoraji mashuhuri wa karne iliyopita, alipokuwa amepita umri wa miaka 70 alianza kuchora maua kwa kidole kwenye simu yake na kuwatumia rafiki zake. Hakuna aliyemnyang'anya.

Najua unachotaka kusema, msikilizaji mzazi. Unataka kusema: wewe ulibahatika, mpwa wako alikuwa anachora, wangu mimi anacheza kweli. Anaua maadui usiku kucha, na asubuhi anasinzia darasani. Hilo nalikubali. Sikuja hapa kuzitetea gemu. Mchezo unaomla mtoto usingizi na masomo unapaswa kuwekewa mpaka, na mzazi asione haya kuuweka. Hata mchoraji anahitaji kulala, anahitaji kupeleka maji ng'ombe, na anahitaji kufanya hesabu zake. Dada yangu hakukosea kuwa na wasiwasi. Mtihani ulikuwa mtihani.

Kosa letu, mimi na yeye, lilikuwa dogo zaidi na kubwa zaidi. Tulihukumu chombo kwa jina lake. Tulisikia neno "gemu", tukafunga shauri. Hatukumwambia mtoto maneno mawili tu: hebu tuonyeshe. Kijana alisema "ni gemu, lakini", na ndani ya ile "lakini" palikuwa na picha arobaini na uso wa mama yangu. Mimi nikasema lakini haipo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo. Kabla hujamnyang'anya mtoto kitu, kiwe simu, kiwe kompyuta, kiwe hata daftari analolificha, keti naye na umwambie akuonyeshe anachokifanya nacho. Ikiwa hana cha kukuonyesha isipokuwa maadui aliowaua, basi mpangie saa na uzisimamie. Ikiwa anacho, kitazame mpaka mwisho. Muulize kwa nini ameanza na ukuta. Muulize kwa nini mikono ameirudia. Mtoto anayeulizwa maswali kama hayo hujiheshimu, na mtoto anayejiheshimu hahitaji kujificha kivulini.

Ushauri wangu wa pili ni mgumu kidogo, na naomba vijana ndio wanisikilize zaidi.

Nilipokipeleka kile kimashine Same kumrudishia mwenyewe, nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alisema, "Haina neno mjomba," kwa namna ya vijana wanaposema haina neno na neno lipo. Tukakubaliana kuitoa picha ya bibi na kuisafisha, iwekwe ukutani kwa kila mtoto wa marehemu. Tukaenda na memori kadi kwenye duka la picha. Kompyuta ya pale ikaiona kadi, ikayaona majina ya mafaili, ikakataa kuyafungua. Picha zilikuwa zimehifadhiwa kwa lugha ya ile programu, na kompyuta ile haikuijua. Kijana wa dukani alihangaika, mwishowe tukafanya kama tunavyofanya wote tunaposhindwa: tukafunga mapazia, tukakiweka kimashine juu ya meza, tukakipiga picha kioo chake kwa kamera. Ilitoka ndogo, ukubwa wa postikadi, kwa kuwa ukiikuza zaidi vidoti vinaanza kuonekana kama vigae. Lakini ni mama. Leo imo katika nyumba tano. Miaka miwili baadaye kijana alipata simu yenye kamera ya video, akairekodi pia ile picha inavyojichora yenyewe, kuanzia ukuta hadi ile doti ya jicho.

Alifanya vyema, kwa maana baadaye bawaba ilikatika kabisa, betri ikavimba, na kimashine hakikuwaka tena. Kati ya picha arobaini, zimebaki zile saba tulizozitoa. Milima ile yote ya asubuhi na ya jioni iliyobaki haipo. Miezi mitano iliyokaa kabatini kwangu ilikuwa miezi ambayo mtoto angeweza kuchora, na angeweza kuzitoa nyingine. Hilo deni sijui nalilipaje.

Na msidhani ni kwa vile kilikuwa chakavu. Hata vyombo vipya vina mwisho, na mwisho wake huamuliwa mbali nasi. Programu ileile ya Colors! ilipata toleo jipya mwaka 2012 kwa ajili ya mashine iliyofuata, Nintendo 3DS, na safari hii iliuzwa katika duka la intaneti la kampuni yenyewe. Tarehe 27 Machi 2023 kampuni ilifunga uuzaji katika duka hilo. Aliyekuwa hajanunua, basi. Kampuni haikuvunja sheria. Ni biashara, na biashara hufunga mlango. Ila mchoraji aliyeweka kazi yake yote nyuma ya mlango wa mwenzake anapaswa kujua kwamba ufunguo hana.

Leo vijana wetu wengi hawana haja ya Nintendo. Simu za kawaida zina programu za kuchora za bure, kama ibisPaint ya Japani, na ninaona kazi zao, nyingine za kusisimua kweli. Swali langu kwao ni moja: simu hiyo ikianguka kwenye ndoo ya maji leo jioni, utabaki na nini? Ikiibwa stendi? Ukisahau neno la siri? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema picha bila nakala ni vivyo hivyo. Kila mwisho wa mwezi chagua kazi zako bora, zitoe kwa mfumo wa picha wa kawaida ambao kompyuta yoyote inaufungua, weka nakala kwa ndugu yako, na mbili tatu zisafishe kwenye karatasi. Karatasi haiulizi chaji.

Wazee wetu wa Upare walilijua jambo hili bila kompyuta. Maji ya mlimani hayakungoji. Ukilala yanapita, yanakwenda kunywewa na mchanga wa tambarare. Ndiyo maana walichimba ndiva, yale mabwawa madogo ya kukinga maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe yaende kwenye mashamba kwa zamu. Ndiva haifanyi mvua inyeshe. Inachofanya ni kuhakikisha kilichonyesha hakipotei. Vipaji vya watoto wetu ni mvua. Hunyesha vinapotaka, Mbaga, Same, Mbagala, Manzese. Kazi yetu sisi wakubwa si kusimama na kuuliza mvua hii imetoka wapi na kwa ruhusa ya nani. Kazi yetu ni kuchimba ndiva.

Utataka kujua kijana ameishia wapi. Mtihani wa kidato cha pili alifaulu, si kwa sababu ya kuchora wala si kwa sababu ya kunyang'anywa. Alifaulu kwa kuwa alisoma. Hakuwa mchoraji maarufu. Ni mwalimu wa shule ya msingi huko huko milimani. Nilipita darasani kwake mwaka jana. Ubaoni alikuwa amechora moyo wa binadamu kwa chaki mbili, nyeupe na nyekundu, mzuri hata nikasimama mlangoni. Wanafunzi wake walikuwa wanaunakili. Mmoja, nyuma kabisa, alikuwa hanakili moyo. Alikuwa ameinama anachora kitu kingine pembeni mwa daftari, amekifunika kwa mkono.

Mwalimu alimwona. Akatembea taratibu hadi kwenye dawati lake, akasimama. Mtoto akashtuka. Nami nikajikuta nimeshikilia fremu ya mlango, nangoja.

"Hebu nionyeshe," mwalimu akamwambia.